Onyesho Lako la Kwanza la Mapishi Nyumbani: Maswali ya Wanaoanza Kuuza Presha Kuka

Mei 2024 serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, kwa lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Tangu hapo kinamama wengi wameniuliza namna ya kuuza presha kuka za umeme, na hasa namna ya kuandaa onyesho la mapishi nyumbani kwao. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara.

Dada, kwa nini nihangaike kualika watu nyumbani? Si nitume tu picha na bei kwenye WhatsApp?

Picha itumie kualika. Kuuza ni kazi nyingine. Anayeikataa presha kuka ana hofu mbili, kwamba italipuka na kwamba inakula umeme, na picha haitoi jibu la hata moja kati ya hizo. Atakuandikia "nzuri sana dada", halafu kimya.

Njia hii ina historia. Huko Marekani, vyombo vya plastiki vya Earl Tupper vilidoda madukani miaka ya 1940 kwa sababu wateja hawakujua mfuniko wake unafungwaje. Brownie Wise, aliyekuwa akiviuza majumbani, alikuwa akijaza bakuli kimiminika, analifunga, kisha analirusha mbele ya wageni ili waone kwamba halimwagi. Mwaka 1951 Tupperware iliacha kuuza madukani ikabaki na mauzo ya nyumbani. Mwaka 1980 Doris Christopher, aliyewahi kuwa mwalimu wa maarifa ya nyumbani, alikopa dola 3,000 kwenye bima ya maisha ya familia, akaanza kupika majikoni kwa watu karibu na Chicago na kuuza vifaa alivyopikia. Kampuni yake, Pampered Chef, ilinunuliwa na Berkshire Hathaway ya Warren Buffett mwaka 2002. Wote wawili waliuza kwa sababu mteja alikiona kitu kikifanya kazi mbele ya macho yake, nyumbani kwa mtu anayemfahamu.

Niwaalike wangapi, na saa ngapi?

Sita hadi kumi. Wakizidi hapo, walio nyuma hawaoni sufuria, wataanza maongezi yao. Alika wanaopika kila siku, akiwamo dada wa kazi wa jirani yako kama bosi wake anaruhusu. Yeye ndiye atakayekitumia chombo, na neno lake lina uzito kuliko unavyodhani.

Jumamosi saa kumi jioni, baada ya sala ya alasiri, ni wakati mzuri kwa mitaa mingi ya Dar es Salaam. Hakikisha unamaliza kabla ya magharibi, kwa sababu kila mmoja ana chakula cha usiku kinachomsubiri. Kama una kikundi cha vicoba, omba nafasi baada ya kikao. Usiombe katikati ya hesabu za watu. Wiki mbili kabla ya Ramadhani nazo zina faida yake, maana kila nyumba inawaza kunde, mbaazi na maharage ya futari.

Nipike nini siku ya kwanza? Nilifikiria pilau ya nyama.

Iache pilau. Kila mwanamke ana pilau yake, na wageni wataonja viungo vyako badala ya kukitazama chombo. Ukizidisha mdalasini, gumzo la siku litakuwa mdalasini.

Pika maharage makavu ambayo hayakulowekwa. Ndiyo yanayomaliza mkaa, ndiyo yanayomfanya mama aamke alfajiri. Chukua nusu kilo, umpe mgeni mmoja ungo ayachambue. Mwingine ayaoshe. Wa tatu apime maji, lita moja na nusu. Ongeza kijiko kimoja cha mafuta ya kula ili povu lisipande. Kwenye chombo cha lita sita, maharage na maji visivuke nusu ya sufuria, kwa sababu vitu vinavyovimba na kutoa povu vinahitaji nafasi. Funga mfuniko mpaka ukae sawasawa, geuza kizibo cha mvuke kwenye alama ya kufunga, weka dakika 45.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi huaibika. Dakika hizo 45 hazianzi kuhesabiwa papo hapo. Chombo kwanza kinachemsha maji na kujenga presha, na kwa ujazo huu kinaweza kuchukua dakika kumi hadi kumi na tano kikiwa kimya, namba haziendi. Wageni wataangaliana. Yupo atakayesema kimeharibika. Waambie mapema: "Tazameni hiki kipini cha chuma. Kikipanda, ndipo saa inaanza." Halafu mpe mtu kazi ya kukilinda. Kipini kitatoa mvuke kidogo, kitafoka, kitapanda na kunyamaza, na yule mlinzi atatangaza mwenyewe. Kuanzia hapo chombo kimekuwa chake.

Muda uliobaki usiugeuze hotuba. Wape vitunguu wakate, nyanya wamenye, nazi wakune, na wewe jibu maswali mikono ikiwa kazini. Muda ukiisha, acha presha ishuke yenyewe kama dakika kumi, kisha toa mvuke uliobaki. Kipini kikianguka, fungua. Chukua punje moja kwa kijiko, umpe yule aliyekuwa mbishi kuliko wote aibonyeze kwa vidole. Usiseme kitu. Kama maharage ni ya zamani na bado magumu, rudisha mfuniko dakika kumi nyingine bila kuona haya, na uwaambie kwamba ya zamani huwa hivyo hata kwenye mkaa.

Tui la nazi litie mwisho, mfuniko ukiwa wazi. Ukilipika kwenye presha litakatika, na mpishi yeyote wa pwani ataona mara moja. Wali pika mapema kwa njia yako ya kawaida, ili watu wale washibe.

Kuna jirani alisema hawezi kuweka bomu ndani ya nyumba yake. Nimjibu nini?

Usimcheke. Wengi walikulia na hadithi za presha kuka za zamani za kubandika motoni, na baadhi ya hadithi hizo ni za kweli. Mwonyeshe kwa mkono. Kipini kikiwa juu, mfuniko umejifunga na umetengenezwa usifunguke mpaka presha ishuke. Joto likizidi, umeme unajikata. Presha ikizidi, mvuke unatoka kwenye kizibo.

Kisha mwambie upande wa pili pia, kwa sababu kumficha ni kumhatarisha. Mvuke unaotoka unaunguza vibaya. Unatolewa kwa kusukuma kizibo kwa mwiko mrefu, uso ukiwa mbali, watoto wakiwa nje ya chumba. Mpira wa mfuniko uoshwe kila baada ya kupika, na kitundu cha mvuke kikaguliwe kisizibwe na ganda la harage. Uza chombo chenye alama ya ubora ya TBS tu, hata kama kile kisicho nayo kina faida kubwa.

Na chomeka kwenye soketi ya ukutani. Chombo cha wati 1,000 hakipaswi kugombania ekstensheni moja na friji na pasi. Wageni wanatazama unachofanya kuliko unachosema.

Nitawathibitishiaje kwamba hakili umeme?

Mita ya LUKU itasema. Kabla ya kuwasha, zima friji, feni na televisheni. Mtume mgeni, usiende wewe, akasome uniti zilizobaki na aziandike kwenye karatasi ubandike ukutani. Maharage yakiiva, mtume mwingine akasome tena. Kwa nusu kilo hiyo, matumizi huwa chini ya nusu uniti. Kwa bei ya kundi T1, ambayo ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, nusu uniti haifiki shilingi 200 hata ukijumlisha makato hayo. Aliye kundi D1, wa matumizi madogo, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo kwake ni nafuu zaidi mradi asivuke hapo. Mwambie hilo pia.

Kisha waulize: kopo la mkaa mtaani kwenu ni bei gani, na maharage yanakula makopo mangapi? Waache wapige hesabu kwa sauti zao.

Kama umepanga nyumba yenye mita moja kwa wapangaji wote, jaribio hili halitakupa jibu la kweli, maana pasi ya chumba cha pili itaingia kwenye hesabu yako. Azima sebule ya ndugu mwenye mita yake.

Umeme ukikatika katikati?

Usifungue. Joto na presha vilivyomo vinaendelea kuivisha kwa muda. Ukirudi, washa na umalizie dakika zilizobaki. Na asubuhi ya siku ya onyesho pika maharage mengine, uyahifadhi, ili wageni wasiondoke na njaa.

Naona vibaya kuwauzia ndugu na marafiki. Na wengine wanaweza kununua kwa kuona haya tu.

Hili nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Mauzo ya sebuleni yana nguvu kwa sababu mgeni amekula chakula chako na anakuheshimu, na nguvu hiyo ni rahisi kuitumia vibaya. Taja bei kwenye mwaliko, ili asiye na uwezo aje kula na kujifunza bila kuviziwa. Usizungushe daftari mtu mmoja mmoja mbele ya wenzake. Sema mara moja, chakula kikiwa mezani: "Anayetaka, tutaongea jikoni au nipigie kesho." Mama aliyenunua kwa aibu ataweka chombo juu ya kabati, na kila jirani atakayekiona pale ataambiwa hakifai.

Sema pia kisichowezekana. Ugali wa kusonga na chapati bado vinataka jiko jingine. Ukiliacha hilo walitambue wenyewe nyumbani, hawatakuamini tena hata kwenye lililo kweli.

Wakitaka kuchukua kwa mkopo?

Siku ya kwanza, hapana. Wape njia ya kuweka kidogo kidogo: mteja analipa kupitia lipa namba yako, unamwandikia kila malipo, anachukua chombo akimaliza. Au wachezao mchezo pamoja wakubaliane kwamba kila mzunguko anayepokea ananunua. Risiti na karatasi ya waranti mpe kila mtu, na uwe unajua spea za mpira na kizibo zinapatikana duka gani kabla hujauza cha kwanza.

Aliyeniuzia anasema faida kubwa ipo kwenye kuingiza wauzaji wengine chini yangu.

Achana naye. Kama fedha inatoka kwa wanaojiunga kuliko kwa wanaopika, huo ni upatu, na upatu ni kosa kisheria Tanzania.

Baada ya onyesho nifanye nini?

Mpigie kila aliyenunua ndani ya siku tatu, umuulize amepika nini. Wengi watakuwa hawajakitoa kwenye boksi, wanaogopa kuwa peke yao nacho. Nenda kwake na nusu kilo ya maharage, keti jikoni kwake, umwache abonyeze vitufe mwenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wifi au jirani aliyepo siku hiyo mara nyingi ndiye atakayeomba onyesho la pili lifanyike kwake.