Mas'ala ya Kumtuliza Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona

 

Yako maradhi ambayo waganga hufika mahali wakasema, "Hatuna tena la kufanya." Saratani iliyokwisha enea mwilini ni moja wapo. Jamaa wakisikia maneno hayo humchukua mgonjwa wao nyumbani, wakamlaza, wakangoja. Na katika kungoja huko mgonjwa hulia usiku na mchana kwa maumivu, na jirani husema, "Na avumilie, ni kafara ya dhambi zake." Basi yapasa kutazamwa mambo mawili. Je, ni kweli kwamba hapana tena la kufanya? Na mwenye kumnyima mtu dawa ya maumivu kwa jina la subira, sharia yamwambiaje?

Ama la kwanza, khabari zake ni hizi. Mwaka 1967 ilifunguliwa London nyumba ya wagonjwa iitwayo St Christopher's Hospice. Aliyeiasisi ni bibi wa Kiingereza, Cicely Saunders, aliyezaliwa 1918 na kufa 2005, ambaye alianza kwa uuguzi na ukubwani akasoma udaktari kwa ajili ya wagonjwa hawa. Desturi ya hospitali nyingi ilikuwa kumpa mgonjwa mofini baada ya kulia, kisha nguvu yake ikiisha angojee mpaka alie tena. Yeye alishika njia ya kuitoa kwa kinywa na kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Akafundisha pia kwamba maumivu ya mwenye kufa si ya mwili peke yake: yako ya moyo, yako ya watoto na mali anayoyaacha, na yako ya roho iulizayo inakokwenda.

Kutoka hapo jambo likatembea. Mwaka 1975 daktari Balfour Mount alifungua wodi ya namna hiyo katika Royal Victoria Hospital, Montreal, na jina alilolipa tiba hii alilitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya joho, kwa kuwa humsitiri mgonjwa hata isipomponya. Tanzania huitwa tiba shufaa. Mwenye Kiarabu atauliza ni shufaa au ni shifaa, lakini neno limekwisha pata mahali pake, na watu hulifahamu. Afrika nyumba ya kwanza ilikuwa Island Hospice ya mwaka 1979, katika mji ulioitwa Salisbury wakati huo, nao leo ni Harare. Nairobi ilipata yake 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha kazi hii Kampala, kwa mofini ya unga iliyochanganywa na maji, ambayo ni rahisi na mgonjwa huinywa kwake nyumbani. Na kwa kuwa madaktari ni wachache, Uganda mwaka 2004 iliruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo wawaandikie wagonjwa mofini.

Lakini khabari inayostahiki kuangaliwa zaidi ni ya Malabar, katika jimbo la Kerala, Bara Hindi. Waislamu wa huko ni Shafi'i kama watu wa pwani hii, na Fat'hul Mu'in isomwayo katika madarasa ya Lamu na Unguja ni kazi ya mwanachuoni wao, Zainuddin Al-Malibari wa Ponnani. Mwaka 1993 madaktari wa chuo cha tiba cha Calicut, kati yao M. R. Rajagopal, walianzisha zahanati ya kutuliza maumivu. Baadaye ikadhihiri kwamba zahanati haimfikii mtu aliyelala nyumbani asiyeweza kuinuka. Ndipo watu wa mitaa, khasa katika wilaya ya Malappuram ambako Waislamu ndio wengi, na ambamo ndimo ilimo Ponnani hiyo, walipojifunza wenyewe kazi ya kumwosha mgonjwa, kumfunga vidonda na kuketi naye, wakazuru nyumba kwa nyumba pamoja na muuguzi. Fedha zilitoka katika sadaka ndogo ndogo za watu wa pale pale. Mwaka 2008 serikali ya Kerala ikaifanya kazi hii kuwa sehemu ya siasa yake ya afya. Na ajabu ni kuwa nchi hiyo hiyo ya Hindi hulima afyuni kwa idhini na kuiuza ng'ambo, ilhali sheria yake ya mwaka 1985 ilifanya mofini iwe adimu kwa wagonjwa wake mwenyewe, mpaka ilipolegezwa 2014.

Uadimu huo si wa Hindi tu. Jopo la wataalamu lililotoa hesabu yake 2017 katika jarida la Lancet lilikuta kwamba katika tani 298.5 za dawa za jinsi ya mofini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata sehemu ya kumi ya tani moja.

Ama mas'ala ya pili. Imam Nawawi katika Minhaj, mlango wa janaza, ameweka kujitibu kuwa ni sunna, na kumlazimisha mgonjwa dawa kuwa ni karaha. Katika Majmuu ameongeza kwamba mwenye kuacha dawa kwa kumtegemea Mola wake ana fadhila. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Fadhila hiyo ni ya mgonjwa mwenyewe, akiichagua kwa ulimi wake. Si ya ndugu aliyeketi na mwili mzima akamchagulia mwenziwe maumivu.

Husemwa pia kwamba mofini yatoka katika afyuni, na afyuni hulevya, basi hukumu yake ni ya pombe. Kiyasi hiki hakisimami katika madhehebu. Pombe ni najisi, na kuinywa tupu kwa dawa ni haramu kwa kauli iliyo sahihi. Afyuni ni tohara, na kilichoharimishwa ni kuitumia kwa ulevi. Mafakihi walikwisha ijadili khabari ya mtu ambaye mkono wake umeoza ukahitaji kukatwa: je, apewe cha kuondoa akili kisichokuwa kinywaji cha kulevya? Nawawi akasahihisha kwamba yajuzu. Ikiwa akili yote yaweza kuondolewa kwa saa ya kukatwa mkono, basi kutuliza maumivu ya miezi, na akili ingalipo, kuna haki zaidi ya kuruhusiwa. Kuzidisha kipimo makusudi ili mtu afe ni kuua nafsi, na hilo ni jambo jingine kabisa. Tiba hii haikusudii kuharakisha mauti wala kuyachelewesha. Siku za mwanzo mgonjwa huweza kusinzia, kisha huzoea. Jamaa na wamwambie tabibu kwamba wataka awe macho nyakati za sala, apate kuisali kwa kuketi, au kwa ubavu, au kwa ishara ya macho.

Na aliyetulia maumivu ndiye awezaye kutaja deni lake, kurudisha amana, kuandika wasia na kumwomba radhi aliyemdhulumu. Aliaye usiku kucha hana nafasi hiyo. Saa ikikaribia, alazwe kwa ubavu wa kuume kuelekea kibla, atamkiwe shahada kwa upole bila ya kushikiliwa. Akiisema mara moja asirudiliwe, ila akisema neno jingine baada yake. Na mwenye kumtamkia, bora awe asiyekuwa mrithi, ili mgonjwa asidhani kwamba anaharakishwa.