Ndoto Isiyo na Msikilizaji: Upweke na Jinsia katika Riwaya za Mashamba ya Walowezi

Utangulizi

Msomaji wa riwaya zinazohusu maisha ya ranchi na mashamba makubwa hukutana mara kwa mara na mambo matatu: upweke, uhusiano wa kijinsia na ndoto za wahusika. Aghalabu wanafunzi wa fasihi huyachambua kana kwamba ni dhamira tatu zisizohusiana. Makala hii inashikilia kwamba mambo hayo yamefungamana. Hoja yetu ni kuwa katika fasihi ya aina hii upweke haupimwi kwa idadi ya watu wanaomzunguka mhusika, bali kwa kuwapo au kutokuwapo kwa mtu wa kuisikiliza ndoto yake. Aidha, jinsia, ikishirikiana na rangi na umilikaji wa ardhi, ndiyo huamua ni ndoto ya nani itakayosikilizwa. Ili kuithibitisha hoja hii tutaanza na mandhari ya Rongai na Njoro katika Kaunti ya Nakuru, kisha tuzitazame riwaya nne.

Mandhari na historia yake

Rongai inayozungumziwa hapa si Ongata Rongai iliyo viungani mwa Nairobi, bali ni ile ya Bonde la Ufa, karibu na mji wa Nakuru. Pamoja na jirani yake Njoro, sehemu hii ilikuwa ndani ya eneo lililotengewa walowezi wa Kizungu wakati wa ukoloni. Hapo palilimwa mahindi, ngano na katani, na pakafugwa ng'ombe wa maziwa. Kazi ilifanywa na Waafrika walioitwa maskwota, yaani watu walioruhusiwa kuishi, kulima kijisehemu na kuchunga mifugo yao katika shamba la mlowezi kwa sharti la kumfanyia kazi. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, katika utafiti wake juu ya maskwota uliochapishwa mwaka 1987, anaeleza jinsi walivyopokonywa mifugo yao katika operesheni ambayo wao wenyewe waliibatiza jina la "kifagio".

Historia hii ina umuhimu kwa mhakiki kwa sababu inazalisha aina mbili za upweke. Mlowezi alikuwa na ardhi pana lakini majirani wachache, nao waliishi mbali. Skwota, kwa upande wake, aliishi miongoni mwa wenzake wengi, lakini hakuwa na mahali pa kupaita kwake. Neno moja la bwana shamba lilitosha kumhamisha yeye na jamaa yake. Upweke wa kwanza ni wa kukosa wenza, na wa pili ni wa kukosa makao. Riwaya iliyo bora huonyesha aina zote mbili.

Kasri la Njoro na riwaya ya Peter Kimani

Karibu kila mwanafunzi aliyesoma Nakuru amewahi kusikia kisa cha kasri la Lord Maurice Egerton lililoko Njoro. Egerton (1874–1958) alikuwa mlowezi tajiri kutoka Uingereza. Ujenzi wa kasri lake lenye vyumba 52 ulianza mwaka 1938, ukakatizwa na Vita Vikuu vya Pili, ukamalizika mwaka 1954. Husimuliwa kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyempenda. Mwanamke huyo alikuwa ameidharau nyumba yake ya awali, na hata baada ya kasri kujengwa akakataa kuolewa. Husimuliwa pia kwamba tangu hapo bwana huyo aliwapiga marufuku wanawake kuikanyaga ardhi yake. Lililo wazi ni kwamba hakuoa, na cheo chake cha ukabaila kilikoma alipofariki.

Tukikichukua kisa hiki kama simulizi, tutaona kwamba muundo wake unaegemea upande mmoja. Ndoto ya mwanamume imepata mawe, vyumba na wageni wanaolipa kiingilio ili waitazame. Mwanamke amebakiziwa tendo moja tu, kukataa, na tendo hilo halielezwi sababu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Huenda mwanamke huyo alifungua akaona lililomfanya akatae, ila simulizi haimpi nafasi ya kulitaja. Vilevile hatuambiwi lolote kuhusu wajenzi na vibarua.

Katika riwaya yake Dance of the Jakaranda (2017), mwandishi Mkenya Peter Kimani ametunga hadithi inayokaribiana sana na kisa hiki. Ian McDonald, afisa wa kikoloni, anamjengea mkewe Sally jumba la fahari karibu na Nakuru, naye Sally analikataa. Baadaye jumba linageuka Hoteli ya Jakaranda, ambamo mwaka 1963, taifa linapokaribia uhuru, vijana wanacheza muziki wa Rajan, mjukuu wa fundi wa reli Babu Salim. Usiku mmoja Rajan anabusiwa gizani na mwanamke asiyemjua, na kutoka hapo siri za wazee watatu zinaanza kufichuka. Ustadi wa Kimani uko katika kuligeuza jumba la upweke wa mtu mmoja kuwa ukumbi wa watu wengi. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza: je, mwanamke huyo wa gizani ana ndoto yake mwenyewe, au anabaki kitu cha kutafutwa na wanaume, kama Sally alivyokuwa kitu cha kujengewa?

Mwanamke asiye na jina

Swali hilo lina mfano mashuhuri nje ya Afrika. Riwaya fupi ya John Steinbeck, Of Mice and Men (1937), imewekwa katika ranchi ya California karibu na mji wa Soledad, neno la Kihispania lenye maana ya upweke. George na Lennie wanaota kununua shamba dogo, na ndoto yao inasimuliwa tena na tena hadi mzee Candy anaomba kujiunga nao. Hata Crooks, mtunza farasi mweusi anayelazimishwa kulala peke yake, anaisikia na kwa muda mfupi anaitamani. Mke wa Curley, aliye mwanamke pekee katika ranchi hiyo, hapewi jina. Naye aliota kuwa mwigizaji wa filamu. Anaisimulia ndoto hiyo kwa Lennie, ambaye akili yake imo katika sungura, na muda mfupi baadaye anauawa bila kukusudiwa. Ndoto ya wanaume imepata wasikilizaji wanne. Ya mwanamke haikupata hata mmoja aliyeielewa.

Ndoto mbili juu ya ardhi moja

Katika Weep Not, Child (1964) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Bwana Howlands na kibarua wake Ngotho wanalikagua shamba pamoja. Howlands anaota kuirithisha ardhi; Ngotho anaota kurudishiwa ardhi hiyo hiyo, iliyokuwa ya wazazi wake. Wako bega kwa bega, lakini hakuna anayeijua ndoto ya mwenzake. Wakati huohuo Nyokabi, mke wa Ngotho, ana ndoto iliyo tofauti: mwanawe Njoroge asome. Ndoto ya Nyokabi haihitaji ekari hata moja, lakini inaweza kutimia tu kupitia mtoto wa kiume. Hapa jinsia haimnyimi mwanamke ndoto. Inamlazimisha kuiweka katika maisha ya mtu mwingine.

Hali iliyo kali zaidi imo katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Adam Shafi Adam, inayohusu shamba la kabaila wa Zanzibar kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964. Mtumishi Kijakazi ameishi maisha yake yote akimtumikia bwana kwa moyo mkunjufu, hata Mapinduzi yanapofika haoni mara moja yanamhusu vipi. Upweke wake ni wa mtu aliyeiota ndoto ya bwana wake kwa muda mrefu hata akasahau kuwa anaweza kuwa na yake. Kwa maoni yetu, huu ndio upweke mzito kuliko wote, kwani mwenyewe hautambui.

Hitimisho

Mtu anaweza kupinga kwamba tunayadharau machungu ya wanaume kama McDonald au Howlands. Sivyo. Machungu yao ni ya kweli, na waandishi wameyachora kwa huruma. Tunachosema ni kwamba wao walikuwa na uwezo wa kuyageuza machungu kuwa kuta, ua na amri, na kwamba gharama ililipwa na wengine.

Jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Shule ya kilimo iliyoanzishwa na Egerton mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu ndiyo leo Chuo Kikuu cha Egerton, ambamo wasichana husoma, pengine karibu na pale ambapo inasemekana mama zao wasingeruhusiwa kupita. Wanawake waliokama ng'ombe na kuvuna mahindi ya walowezi huko Rongai wamebaki wachache, nao ni wakongwe. Kisa cha bwana wa kasri kimehifadhiwa. Visa vyao vitazikwa pamoja nao tusipovikusanya.

Maswali ya mjadala

1. Chagua riwaya moja ya Kiswahili yenye mandhari ya shamba. Ni nani anayesimulia ndoto yake, na ni nani anayemsikiliza?
2. Linganisha kukataa kwa Sally na utiifu wa Kijakazi. Ni upi kati ya msimamo huu na ule unaompa mwanamke nafasi ya kujieleza?
3. Andika upya kisa cha kasri la Njoro kwa nafsi ya kwanza, msimulizi akiwa mwanamke aliyekataa au mke wa kibarua.