Mhusika Mbaya Anayechekesha: Funzo Kutoka Mchezo wa Zamani wa Televisheni

Katika makala haya twapenda kuzungumza na walimu wanafunzi juu ya jambo limpatalo kila afundishaye kwa njia ya maigizo: mhusika aliyetungwa ili alaumiwe huweza kupendwa na darasa zima. Tutaanzia mbali kidogo, huko Uingereza.

Mwaka 1965 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha kwa mara ya kwanza mchezo wa kuchekesha uitwao Till Death Us Do Part, uliotungwa na Johnny Speight. Mfululizo wake ulianza 1966, ukakatika na kurudi, hata ukamalizika 1975. Wahusu familia ya wafanyakazi katika mtaa wa Wapping, mashariki ya London: baba Alf Garnett, mkewe Else, binti yao Rita na mumewe Mike, wote wakikaa nyumba moja. Alf ni mtu wa makelele. Huwatukana watu weusi, Wayahudi, na hata mkwewe, kwa kuwa ni mtu wa Liverpool na tena mfuasi wa chama cha Labour. Kusudi la Speight lilikuwa watu wamcheke Alf kwa ujinga wake.

Tulipokuwa wanachuo tulitazama vipindi vichache vya mchezo huo, tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Hivi karibuni tumevitazama tena, na safari hii tukawa twajiuliza tunamcheka nani. Maana maneno yenye utamu mwandishi amempa Alf, si wapinzani wake. Mike, ambaye ana hoja njema, ni mvivu na mpayukaji. Naye akipayuka Alf hufurahi, kwani ugomvi ndio uwanja wake. Amshindaye ni Else. Mama huyo hukaa kimya kitini, kisha hutamka neno moja la upole, na mzee hana jibu ila matusi. Hilo hatukuliona zamani.

Mchezaji aliyeigiza Alf, Warren Mitchell, mwenyewe Myahudi, alisimulia kwamba watu walimpongeza kwa kuwasema weusi, wasitambue kuwa wao ndio waliochekwa. Marekani nayo iliugeuza mchezo huo ukawa All in the Family mwaka 1971. Miaka mitatu baadaye wataalamu Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha uchunguzi wao juu ya vijana wa Marekani na watu wazima wa Kanada waliotazama mchezo huo. Waliokuwa na chuki za rangi waliufurahia kama wengine, lakini walielekea zaidi kumwona baba mwenye chuki ndiye mshindi wa mabishano.

Nasi yametupata. Kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha tulitunga mazungumzo mafupi ya Darasa la Tano, juu ya mzee anayewadharau wahamiaji kijijini. Watoto walicheka sana, na mwanachuo aliyefundisha akapata alama nzuri kutoka kwetu. Wakati wa mapumziko tukasikia kundi la watoto likimwita mwenzao, aliyehamia mwaka ule, kwa jina lile lile la dharau tulilomtungia mzee. Mtoto yule hakurudi darasani mchana. Kosa halikuwa la mwanachuo. Lilikuwa letu.

Tangu hapo tumebadili andalio la somo hilo. Jina la dharau tumeliondoa kabisa. Mzee aonyesha dharau yake kwa vitendo, kama kukataa kupokea maji ya jirani. Sehemu yake huigizwa na mwalimu, si mwanafunzi, ili mtoto yeyote asitoke darasani akiwa na sifa ya kuchekesha kwa matusi. Aidha, mjibu mzee tumempa maneno machache, yaliyo mazuri kuliko yote.

Kisha yafuata maswali, na hapa mwalimu asiharakishe. Asiulize, "Nani amewachekesha?" Watoto watamtaja mzee, na somo limepotea. Aulize, "Ni wapi mzee amekosa la kujibu?" Wanafunzi waisome sentensi hiyo kwa sauti, mmoja mmoja. Wakitofautiana mahali, mwalimu aandike majibu yote ubaoni, awaache wabishane. Sisi huipa kazi hii dakika kumi na tano, hata kama uigizaji wenyewe umechukua tano tu.