Uigaji wa kompyuta: tuuamini kwa kiasi gani?

Zipo kazi za uhandisi zisizoweza kujaribiwa kwa ukubwa wake halisi kabla ya siku yenyewe. Mtaalamu wetu anajibu.

Kama kitu chenyewe hakijaribiki, nitajuaje kwamba kompyuta inasema kweli?

Uliza maswali mawili, wala usiyachanganye. Kwanza, je, programu imekokotoa sawasawa milinganyo tuliyoipa? Huo ni uhakiki, na unaweza kuumaliza mezani. Pili, je, milinganyo hiyo inaeleza kinachotokea kweli? Huo ni uthibitishaji, na hapo lazima uende maabara, hata kama ni kwa kupima kipande kimoja tu.

Uhakiki ukilegea, hutokea nini?

Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na Stavanger, Norwei, kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilikuwa kikizamishwa taratibu ili kipachikwe sehemu ya juu. Ukuta ukapasuka, pampu zikashindwa na maji, kitako kizima kikaenda chini na kusagika. Nani angejenga kitako cha pili ili akizamishe kwa majaribio? Wabunifu walitegemea kompyuta, nayo ilikuwa imegawa zege katika vipande vikubwa mno, vyenye umbo baya, palepale kuta zinapokutana. Nguvu ya kukata ukuta ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Kinachoniuma ni kwamba milinganyo haikuwa na kosa. Hesabu iliporudiwa kwa uangalifu baada ya ajali, ilionyesha ukuta ungeshindwa kwenye kina cha meta 62. Ulikuwa umeshindwa kwenye meta 65.

Kosa kama hilo hugunduliwaje mapema?

Punguza ukubwa wa vipande kwa nusu, kokotoa upya, kisha punguza tena. Jibu likiendelea kuhama, bado huna jibu.

Na uthibitishaji una mtego gani?

Mipaka. Januari 2003 povu la kuhami joto liligonga bawa la chombo cha anga Columbia wakati wa kuruka. Wahandisi walitumia Crater, modeli iliyojengwa kwa majaribio ya vipande vidogo. Povu lile lilikuwa na ujazo mkubwa mara mamia. Crater ilitabiri kwamba vigae vya kukinga joto vingetobolewa. Kwa kuwa kwa vipande vidogo ilizoea kutia chumvi, onyo lile likapuuzwa. Nje ya mipaka ya majaribio yake, hawakuwa na msingi wa kuiamini, na hawakuwa na msingi wa kuikataa pia. Columbia ilivunjika angani Februari 1 na watu saba wakafa. Julai mwaka huohuo, huko San Antonio, Texas, povu lilifyatuliwa kwenye paneli halisi ya ukingo wa mbele wa bawa, likaacha tundu la takriban sentimeta 40. Jaribio lililowezekana lilifanyika wakati limeshachelewa.

Je, kuna mfano wa kazi iliyofanywa vizuri?

Kigari cha Curiosity, kilichotua Mirihi Agosti 2012. Huko uvutano ni kama asilimia 38 ya wa duniani, na kanieneo ya hewa haifiki asilimia 1 ya yetu, kwa hiyo utuaji mzima haukuweza kufanyiwa mazoezi hapa. Basi wahandisi walipima vipande: parachuti katika handaki kubwa la upepo la NASA huko California, rada chini ya helikopta na kwenye ndege ya kivita. Uigaji ukaviunganisha, ukirudiwa mara nyingi huku upepo, uzito na msongamano wa hewa vikibadilishwa.

Vipande vyote vikifaulu, chombo kizima kimefaulu?

La. Kiungo kati ya kipande na kipande ndicho hakijapimwa, na hapo ndipo ninapotaka kuona akiba ya usalama kubwa zaidi.

Chombo kikishatua salama, kazi imekwisha?

Kutua salama mara moja hakuthibitishi modeli. Huenda makosa mawili yamefutana. Ndiyo maana ngao ya joto ya Curiosity iliwekewa vihisio vya joto na kanieneo, ili vipimo vilinganishwe na utabiri. Kigari cha Perseverance, kilichotua Mirihi Februari 2021, kilibeba vihisio zaidi, hata upande wa nyuma wa ganda lake, ambako Curiosity hakikuwa na kihisio.