Je, bunduki ya .22 inamtosha pongo anayemaliza mboga zako?

Kuna swali limenifuata msimu huu mzima, na wanaoliuliza wengi ni ninyi vijana mnaokaa hapa Bweri lakini mashamba yenu yako upande wa Bunda na Butiama, jirani na mapori. Linakuja hivi: "Bwana shamba, mzee nyumbani ana bunduki ndogo ya .22, ina leseni yake. Pongo wanaingia kwenye maharage na kabichi kila usiku. Ile risasi inamtosha?"

Jibu ni hapana. Haimtoshi, na hata kama ingemtosha usingeruhusiwa. Leo nitakaa zaidi kwenye risasi yenyewe, maana huko ndiko naona watu wanadanganyana.

Kwanza tujue .22 ni nini. Hiyo namba ni kipenyo cha kichwa cha risasi kwa inchi, yaani kama milimita 5.6. Haikwambii kina uzito gani wala kinakwenda kwa kasi gani. Chukua pampu mbili za umwagiliaji, zote zina mdomo wa inchi 2. Moja inasukuma maji hadi juu ya kilima, nyingine inachuruzisha tu. Mdomo ni mmoja, nguvu ni mbili tofauti. Risasi ni vilevile. Ile .22 ya kawaida, yenye ganda fupi kama kifundo cha kidole, ina kichwa cha gramu 2.6 hivi. Kuna nyingine inaitwa .223, kipenyo chake karibu ni hichohicho, ila ganda lake ni refu na limejaa baruti. Ikitoka mtutuni inabeba nguvu ya karibu mara kumi ya ile fupi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "huko nje wanawindia risasi ndogo kama hizi zetu", muulize kwanza anasemea ipi.

Sasa hesabu. Nguvu ya risasi hupimwa kwa jouli. Ile .22 fupi ikitoka mtutuni ina jouli kati ya 140 na 190. Ikifika mita 100, zimebaki kama 120. Ujerumani wana kapaa kadogo ka porini, kana pembe zenye matawi zinazodondoka kila mwaka na kuota tena. Mkubwa wao ana kilo 20 hadi 30. Sheria yao ya uwindaji inataka risasi ya kumpiga huyo mdogo iwe na angalau jouli 1,000 ikifika mita 100. Kwa wakubwa zaidi yake, wanataka kipenyo kisipungue milimita 6.5 na jouli zisipungue 2,000. Uingereza nao kwa wanyama hao wanaanzia .240 kwa sehemu kubwa, na jouli kama 2,300 mtutuni.

Pongo wetu, ambaye wengine mnamwita mbawala, dume lake linafika kilo 50 na kuzidi. Ni mzito kuliko yule wa Ujerumani anayehitaji jouli 1,000, na wewe unataka kumwendea na 120! Hata ile .223 kwa mita 100 inabaki na kama 1,250. Kwa swala tomi sawa, kwa pongo dume mimi naiona ndogo. Kuanzia .243 ndipo unaanza kuongea habari ya pongo. Nyati na tembo ni habari nyingine kabisa, huko uwindaji wa Tanzania unaanzia .375.

Najua atatokea mmoja wa kunipinga: "Mbona fulani alimwangusha na .22?" Inawezekana. Ukimpata karibu sana, ametulia, ukampiga kwenye ubongo, ataanguka. Hata tembo walishapigwa na bunduki ambazo wawindaji wengi waliziona ndogo. Yule Mskoti Walter Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi kwa bunduki ya milimita 7. Lakini kichwa cha risasi yake kilikuwa na gramu 11 hivi, zaidi ya mara nne ya hicho chako, kigumu na kirefu cha kupenya mfupa. Na alikuwa anajua ubongo wa tembo umekaa wapi kutoka kila upande. Wewe uko shambani saa nane usiku, tochi mkononi, pongo anainua na kuinamisha kichwa, umbali unakisia. Hiyo shabaha haipo.

Kinachotokea ni hiki. Risasi inaingia kwenye bega au tumboni, haifiki kwenye moyo wala mapafu kwa nguvu ya kutosha, pongo anaruka na kupotea kichakani. Anakufa baada ya siku mbili tatu, kwa maumivu, mahali usipopajua. Au hafi haraka, na pongo dume aliyejeruhiwa akibanwa anarudi na pembe. Mbwa wengi wameumizwa hivyo. Akipatikana amekufa, watu wanamgawana nyama. Huko ndiko kimeta kinakopitia. Mzoga wa porini uliookotwa usiuchune wala usiule.

Halafu msiidharau kwa kuiita ndogo. Hicho kichwa kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na kikigonga jiwe kinabadili njia. Huku kwetu mawe yako kila upande, na nyuma ya kila kichaka kuna mtu anachunga au mtoto anaokota kuni.

Upande wa sheria sitachukua muda. Mnyamapori ni mali ya umma chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Leseni ya silaha siyo leseni ya kuwinda, ni karatasi mbili tofauti. Bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori, nyama, ngozi na pembe utakazokutwa nazo ni nyara za serikali, na kesi hiyo inamaliza mtaji wa kijana kabla pongo hajamaliza kabichi. Na ile bunduki ya mzee imeandikwa jina la mzee. Kumpa mlinzi wa shamba "akae nayo tu usiku" ni kosa lake na lako.

Sasa ufanye nini? Pongo hapendi kutoka mbali na kichaka. Safisha ukanda wa mita kumi na tano hadi ishirini kati ya kichaka na mboga, utaona tofauti. Panda katani kwa mistari miwili, upachike minyaa katikati. Inachukua misimu kadhaa kushikana, kwa hiyo anza mvua hizi. Kwa sasa weka uzio wa wavu wa mita mbili, uukaze vizuri kwenye nguzo. Wanaotumia nyavu chakavu za ziwani, msiziache zikining'inia. Mnyama akinasa humo, utaulizwa kama ulitega.

Kila wakiingia, piga picha ya uharibifu, andika tarehe na eneo lililoliwa, peleka kwa mtendaji wa kijiji na kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Wenye tembo na kiboko msichelewe hata siku moja, kwa sababu kifuta jasho kimewekwa kwa ajili ya wanyama hatari kama hao, na bila tathmini iliyofanyika mapema hakuna malipo. Wenye pongo msikihesabu. Pesa yenu iwekeni kwenye wavu.