Bodaboda: Maswali na Majibu ya Marudio

Swali 1. Mtu wa Kalerwe, Kampala, akisema "boda", anamaanisha nini?
Pikipiki ya kubeba watu na mizigo kwa nauli, au mwenye kuiendesha. Asubuhi, sokoni Kalerwe, utaiona ikitoka kuelekea barabara ya Gayaza na mikungu ya matoke nyuma, imekazwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, mwenye mzigo amebanwa katikati. Dereva mwingine yuko stejini anakuita: "Ssebo, tugende?" yaani, "Bwana, twende?"

Swali 2. Eleza asili ya neno hili. (Alama 6)
Ni neno la Kiingereza *border*, yaani mpaka. Miaka ya 1960, Busia, kati ya Uganda na Kenya, gari lilimshusha abiria upande mmoja, maana kuvuka na gari kulitaka makaratasi. Kati ya vituo viwili vya ukaguzi palibaki mwendo wa miguu, na mwenye furushi aliuona mrefu. Vijana wakaweka mto kwenye keria ya baiskeli, wakawavusha watu kwa senti chache, wakiita: "Boda! Boda!" Pikipiki zilikuja kushika kazi hiyo Kampala baadaye, hasa miaka ya 1990. Usisahau baiskeli, watahiniwa wengi huiruka na kupoteza alama.

Swali 3. Kwa nini linatajwa mara mbili?
Kwa sababu lilikuwa wito wa biashara. Huhitaji kwenda Busia kupata ushahidi: wasikilize wapiga debe wa teksi hapo Kalerwe, "Gayaza, Gayaza!" Wanataja waendako, tena na tena. Yule wa baiskeli naye alitaja alikokwenda, nako ni mpakani. Jina la safari likawa jina la chombo.

Swali 4. Herufi *r* ilipotelea wapi?
Haikupotea kwetu. Waingereza wengi wenyewe hawaitamki mwishoni mwa silabi, nasi tulilipokea neno kwa sikio. Ndivyo *order* ilivyokuwa oda.

Swali 5. "Bodaboda ni mlio wa injini." Jadili.
Si kweli. Jina lilitangulia injini.

Swali 6. Sahihisha: "Boda wangu imeharibika tairi."
Inategemea unamtaja nani. Mtu hufuata upatanisho wa A-WA: boda wangu amechelewa. Chombo hufuata I-ZI: boda yangu imepasuka tairi. Kwa maoni yangu hili ndilo swali bora la karatasi nzima, kwani linaonyesha neno la kigeni likitii sarufi ya Kiswahili bila kusukumwa.

Swali 7. Na *border* yenyewe ilitoka wapi?
Kwenye Kifaransa cha kale, *bordure*, ukingo au pindo la kitu. Maana ya mpaka wa nchi ilikuja baadaye.

Swali 8. Kalerwe haina mpaka wa nchi. Je, jina bado linafaa?
Busia iko takriban kilomita 200 kutoka hapo, na anayepanda kwenda Mulago au Bwaise havuki mpaka wowote. Hata hivyo linafaa, maana neno hupewa maana na wanaolitumia leo. Lakini mtahini akiuliza asili, usimwandikie habari za Kampala. Anza na Busia, taja baiskeli, kisha njoo kwenye pikipiki.