Muuzaji Akijiondoa: Linda Kwanza Pesa Yako, Kisha Pigania Gari

Umeliona kwenye Facebook. Peugeot 504 ya zamani, rangi bado nzuri, injini inawaka. Mmeelewana bei kwa WhatsApp. Umetuma avansi kwa M-Pesa na umeshaanza kumtafuta fundi wa kulipokea Kalemie. Halafu unaingia ujumbe: "Samahani ndugu, siuzi tena."

Usimjibu dakika hiyo. Hasira ya kwanza huandika maneno ambayo baadaye yatasomwa mbele ya hakimu au mbele ya wazee. Una kazi mbili kabla ya kujibu.

Ya kwanza ni ushahidi. Muuzaji anayejiondoa huondoa na tangazo, na ujumbe wa WhatsApp unaweza kufutwa na aliyeutuma. Kwa hiyo piga picha za skrini sasa hivi: tangazo lenye picha na bei, jina la ukurasa, namba yake ya simu, mazungumzo yote pamoja na tarehe. Vokali zake zihifadhi. Ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money usiufute, na namba ya muamala iandike kwenye daftari. Kisha vyote vitume kwa mtu mmoja unayemwamini. Simu huibwa, na simu huanguka ziwani.

Ya pili: simamisha matumizi. Mwambie mwenye boti asubiri. Mwambie mekanisie asinunue vipuri. Kama gari lilikuwa linatoka Kigoma, mpigie deklaran asianze hati za forodha. Kila franga utakayotoa baada ya kujua kwamba muuzaji amejiondoa, itakuwa vigumu kumdai. Zile ulizotoa kabla, kusanya risiti zake.

Sasa mjibu. Kwa maandishi, kwa heshima, kwa ufupi. Kitu kama hiki: "Jambo Papa. Tarehe 4 tulielewana uniuzie Peugeot 504 kwa dolari 3 500, na siku hiyo nilikutumia avansi ya dolari 500. Naomba unieleze sababu ya kubadili, na uniambie avansi inarudi siku gani."

Angalia ujumbe huo unavyofanya kazi. Umetaja gari, bei, avansi na tarehe. Akijibu tu, "Nitakurudishia Ijumaa," amekubali kwa maandishi kwamba makubaliano yalikuwepo na kwamba pesa anayo. Hiyo ni karatasi yenye nguvu kuliko kelele za wiki nzima. Akikupigia badala ya kuandika, pokea, sikiliza, kisha ukikata tu mwandikie: "Papa, kama ulivyoniambia kwa simu sasa hivi, avansi utairudisha Ijumaa."

Baada ya hapo tafuta sababu yenyewe. Hapa ndipo watu wengi wa kwetu hukosea njia, kwa sababu kila sababu ina dawa yake.

Akisema amepata mnunuzi mwenye bei kubwa zaidi, usipandishe siku hiyo hiyo. Mnunuzi huyo anaweza kuwa wa kweli, anaweza kuwa hayupo. Jiulize kwanza kikomo chako ni kipi, pamoja na gharama ya kulifikisha gari na kulitengeneza. Ukiamua kuongeza, ongeza mara moja tu, na uombe kitu badala yake: "Naongeza dolari 200, tunaandika hati ya mauzo leo kwa notere, na gari naondoka nalo leo." Mwenye nia atakubali. Anayecheza na bei atatafuta sababu nyingine, nawe umeshamjua.

Akisema ni mambo ya familia, hapo tulia kabisa, maana kwa magari ya zamani hili ndilo tatizo kubwa. Magari mengi ya umri huo yamekaa kwenye parseli ya marehemu baba. Kijana mmoja analipiga picha, analiweka mtandaoni, anapokea avansi. Dada yake wa Lubumbashi analiona tangazo na moto unawaka. Kwa Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, watoto wa marehemu ndio warithi wa kundi la kwanza, wote kwa pamoja. Mmoja wao hawezi kuuza mali ya wote peke yake.

Kwa hiyo usigombane na huyo kijana. Omba kuonana na familia. Nenda na mzee mmoja wa upande wako, msalimie kila mtu, eleza kwamba hukujua habari za urithi. Kisha toa maombi mawili: ama warithi wote wasaini karatasi ya baraza la familia wakikubali kuuza, ama avansi irudi. Yaya mmoja akikataa kata kata, chukua pesa yako uondoke. Gari lenye ugomvi wa urithi litakufuata mpaka tribinali, hata ukilipaka rangi mpya.

Tazama pia karti roza. Wakati mwingine muuzaji anajiondoa kwa sababu amegundua notere ataitaka, naye hana, au ina jina la mtu aliyefariki miaka ishirini iliyopita. Aibu inamfanya aseme "nimebadili mawazo." Muulize kwa upole: "Papa, shida ni hati?" Kama ni hizo tu, mnaweza kuzitafuta pamoja, na gharama mkazikata kwenye bei.

Yupo na mzee ambaye roho yake imekataa tu. Aliendesha gari hilo akiwa kijana, na siku ya kulitoa mkono umekuwa mzito. Huyo usimsukume. Mwombe avansi yako, na umwombe aandike kwamba akija kuuza, wewe utaulizwa wa kwanza.

Na sasa yule wa mwisho, asiye muuzaji kabisa. Dalili zake zinajulikana. Hataki kupiga video mbele ya gari. Hataki ndugu yako aende kuliangalia. Kabla ya kujiondoa alikuomba pesa ya nyongeza "ya hati." Picha zake unaziona kwenye tangazo la nchi nyingine. Kwa huyo, piga simu upesi kwa huduma ya wateja ya kampuni ya simu uliyotumia, uwape namba ya muamala, uombe pesa izuiwe. Kisha nenda kwa OPJ au parke na ushahidi wako. Ulaghai wa namna hiyo ni kosa la jinai, kifungu cha 98 cha Sheria ya Adhabu ya Kongo.

Lakini usimpeleke kwa OPJ mtu aliyebadili nia tu. Najua watu hufanya hivyo ili kumtisha. Kutotimiza mkataba ni jambo la madai, si la jela, na mara nyingi utatoa pesa ya usafiri, ya karatasi na ya "kahawa" mpaka avansi yenyewe iishe.

Sheria inasema nini basi juu ya gari lenyewe? Inakupa nguvu kuliko unavyodhani. Kitabu cha tatu cha sheria ya madai ya Kongo, dekri ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo bado inatumika, kinasema katika kifungu cha 264 kwamba mauzo yamekamilika kati ya pande mbili mara tu zinapokubaliana juu ya kitu na bei, hata kama kitu hakijakabidhiwa na bei haijalipwa. Maana yake, "nitakuuzia hili kwa 3 500" na "nimekubali" si maneno ya upepo. Unaweza kudai gari, au ukaomba mkataba uvunjwe na ulipwe hasara. Na tangu Kongo ipate Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, maandishi ya kielektroniki yana nafasi yake kisheria. Ndiyo maana nilikuambia piga picha za skrini kwanza.

Mahakama za nchi nyingine zimeshawabana wauzaji wa mtandaoni. Australia, mtu aliweka eBay ndege ya zamani aina ya Wirraway, akapata mnunuzi wa dola za Australia 150 000, kisha akakataa kuitoa kwa sababu alikuwa na mnunuzi mwingine wa bei kubwa zaidi. Mwaka 2007, Mahakama Kuu ya New South Wales iliamuru mauzo yatimizwe. Ndege ya aina hiyo haipatikani dukani, pesa peke yake isingemtosha mnunuzi. Ujerumani nako, mwaka 2014, Mahakama Kuu ya Shirikisho ilimhukumu mtu aliyeanza mnada wa Volkswagen Passat kwa yuro 1, akaufuta baada ya kupata mnunuzi nje ya mtandao. Alilipa fidia ya yuro 5 249. Hukumu hizo hazimfungi hakimu wa Kalemie, lakini avoka wako anaweza kuzitumia kuonyesha kwamba tangazo la mtandaoni ni ahadi halisi.

Hata hivyo, pima. Kama gari limeshakabidhiwa mtu mwingine aliyenunua kwa nia njema, kulipata ni vigumu sana; dai avansi na hasara. Na kama avansi ni dolari 100, usimlipe avoka dolari 300. Anza na shefu wa kartie yake, au mchungaji wake, au mzee wa familia. Watu hulipa upesi pale wanapojulikana.

Ikishindikana, andika barua ya kumtaka atimize ahadi. Iwe na tarehe, maelezo ya gari, pesa uliyotoa, na siku ya mwisho, tuseme siku 8. Ipelekwe na wisie ili iwe na muhuri na uthibitisho wa kupokelewa. Barua ya wisie ikigonga mlango, wauzaji wengi hukumbuka namba yako ya simu. Asipokumbuka, ndipo avoka akuelekeze: tribinali ya amani kwa madai madogo, tribinali kubwa kwa makubwa.

Kama muuzaji yuko ng'ambo ya ziwa, Kigoma au Dar es Salaam, kesi italazimika kumfuata kule, na hilo ni safari na siku nyingi. Bora uwe na ndugu au rafiki upande ule aende mlangoni kwake akiwa na nakala ya makubaliano. Tahadhari moja kwa magari ya kule: Tanzania wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, sisi kulia, na usukani wao uko kulia. Nenda ofisi ya DGDA uulize kuhusu usukani na umri wa gari kabla ya kutuma chochote. Ukikuta haliruhusiwi, muuzaji aliyejiondoa amekuokoa.

Kampuni za Japani ni habari nyingine. Zikikuambia gari limeshauzwa, zitakuomba pesa yako uihamishie kwenye gari jingine. Usikubali kwa haraka. Gari ulilolitaka ni la zamani na la pekee. Hilo jingine ni la kawaida. Ziandikie kwamba unataka pesa yote irudi kwenye akaunti iliyotoka, uulize gharama ya benki ni ya nani, na uombe tarehe.

Pesa ikirudi, ihesabu na usaini kwamba umepokea kiasi kadhaa, tarehe fulani. Usiandike "sina dai tena" kama bado unamdai gharama za boti au za mekanisie. Na usifute mazungumzo.

Mara ijayo, funga mlango kabla. Karatasi moja inatosha: majina yenu, namba ya kitambulisho, namba ya chasisi, bei, avansi, siku ya kukabidhi. Ongeza mstari huu: mnunuzi akijiondoa, anapoteza avansi, muuzaji akijiondoa, anarudisha avansi mara mbili. Ni kanuni ya zamani katika sheria zenye asili ya Ufaransa, na inafaa sana kuandikwa wazi. Muuzaji anayeogopa mstari huo, ameshakuonyesha anakoelekea. Kama ana mke, Mama naye asaini. Kama ni gari la urithi, wasaini wote. Avansi iwe ndogo, na pesa iliyobaki itoke siku funguo zinapoingia mkononi mwako.

Na yule aliyejiondoa anaweza kurudi. Mnunuzi wake mwenye bei kubwa akikosekana, utaona: "Ndugu, bado unalitaka?" Kama unalitaka, jibu vizuri, bila kumkumbusha yaliyopita. Masharti tu yabadilike: hakuna avansi tena, bei ni ile ya kwanza, karti roza mezani, na mnakutana kwa notere.